Nondo wa Dakika Moja

9 Januari

Shangazi,

Shikamoo, moja ya asubuhi na moja ya jioni, maana sijui barua itakukuta saa ngapi. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha, kwa hiyo usiniandikie tena habari za tangawizi. Chumba nilichopata kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, ukutani kuna ufa, na ndani ya ufa kuna buibui. Nimeshaanza kumsalimia. Dada alinipigia juzi, mtoto wake ameota jino la tatu na analijaribu kwenye kila kitu, hata kwenye viatu vya wageni.

Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoniamuru. Simu yako najua ilipo: juu ya rundo la majani unayoyakausha, imeyakandamiza yasijikunje. Nimepiga mara nne. Majani hayakupokea.

Sasa habari yenyewe. Nimechukuliwa kwenye ile kampuni inayotengeneza michezo ya simu na kompyuta, chumba cha wachoraji. Tuko saba na feni moja. Nipo kwenye majaribio. Kuna chombo ambacho wachezaji wanakishika mkononi, na mimi nimepewa kukichorea vazi jipya, wenyewe wanaita skini, na sharti vazi litokane na mimea au wadudu au chochote kilicho hai. Tarehe 20 Mei nalionyesha. Wakilikubali, naajiriwa. Wakilikataa, nafungasha virago. Msimamizi wetu hazungushi maneno. Tunamwita Bi Tarehe, kwa sababu asubuhi hasemi hamjambo. Anaingia na kusema, "Zimebaki siku mia moja thelathini na moja."

Nimemkumbuka yule kiwavi wa kwenye mlimau wako, anayejijengea nyumba ya vijiti na kutembea nayo. Ulimchora kwenye kile kitabu cha wadudu waharibifu, enzi zile ukiwa mchoraji wa idara ya kilimo. Nichoree tena, tafadhali, kwa ubavuni na kwa chini. Simjui mtu mwingine anayeweza kuchora miguu ya mdudu ukahisi inakutambaa.

Mwanao,
Chokochoko


27 Januari

Chokochoko wangu,

Marahaba zote mbili, na ya mchana uliyoisahau. Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Nimepata karani. Ni Fundi, yule mshona nguo aliyepanga chumba cha mbele. Mimi nasema, yeye anaandika, mimi natia sahihi. Mikono yangu ina shughuli siku hizi. (Shughuli gani, mimi karani sijaelezwa. Fundi.) Nimemwambia aache kuchomeka mabano yake humu. (Nimeacha.)

Nyumbani salama. Paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa vya Fundi, watoto watatu, na suti ya mtu ya harusi ndiyo iliyokuwa kitanda. Baba yako alikuja kunitengenezea bomba la jikoni kwa vile vidole vyake vitatu. Lilikuwa linadondoka, sasa linamwagika. Nilimshukuru sana, ni kaka yangu, ningefanyaje.

Haya, twende kwenye hilo lako. Chombo gani? Barua nzima ni chombo, chombo, unanyata kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Ni gitaa? Ni jembe? Fundi anasema ni mwavuli. Mwanangu, hata Fundi hakati koti kabla hajamwona mtu. Na sheria yangu unaijua tangu ukiwa hujui kuvaa viatu: kitu ambacho hukukishika mkononi, hukichori. Kumbuka yule panzi wako wa darasa la pili uliyemchora kwa kusimuliwa, akatoka na masikio ya punda.

Mchoro nitakuletea mwezi ujao. Penseli zangu zote zimevunjika ncha, na kichongeo sijui nimekiweka wapi.

Shangazi yako


10 Februari

Shangazi,

Shikamoo, na salamu kwa Fundi, na pole kwa mwenye suti. Huku buibui wangu amehama. Nadhani nilikuwa naongea sana.

Nimevunja sheria yako na nimeadhibiwa. Sikusubiri mchoro, nikakusanya picha za viwavi kwenye kompyuta, nikachora siku tisa bila hata kuinua kichwa. Nikapeleka. Bi Tarehe aliitazama kazi yangu kwa muda mrefu, akainamisha shingo upande huu, akainamisha upande ule, kisha akasema, "Inaonekana kama kitu kilichotumbukia kwenye takataka za bustani." Wenzangu walicheka mpaka feni ikatikisika. Nami nilicheka, huku nikiifunga kompyuta. Amesema nina nafasi moja tu nyingine, ile ya tarehe 20 Mei, na hataki kuona kitu kabla ya hapo.

Kwa hiyo nakuhitaji kweli, Shangazi, si kwa maneno ya adabu. Nisipopata kazi hii sijui nitaenda kugonga mlango gani. Nimechora tangu nilipokuwa nakaa chini ya meza yako nikiokota vipande vya penseli. Sijui kitu kingine.

Kuhusu chombo: ni kirefu kama mkono wa mtu mzima. Kinashikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa begani. Si mwavuli.

Ndani ya bahasha nimetia kichongeo kipya.

Chokochoko


3 Machi

Chokochoko wangu,

Marahaba. Kichongeo kimefika, kikali kweli, Fundi ameshajikata. (Kidogo.) Watoto wa paka wamefungua macho na wamekataa kuhama. Mwenye suti alikuja kuichukua, akaondoka na suti na paka mmoja.

Mchoro bado. Sasa tatizo ni mwanga, mawingu yamekaa juu ya nyumba wiki nzima. Lakini nimefikiria jambo bora kuliko mchoro: nakupelekea mdudu mwenyewe. Yumo kwenye kopo la dawa ya viatu, nimelisugua mpaka linang'aa na nimelitoboa matundu kwa sindano ya Fundi. Mshike. Pima uzito wake. Tazama jinsi vijiti vinavyozunguka. Hakuvitupa ovyo, kila kimoja amekikata kwa meno yake, akakibandika kwa uzi wa hariri anaoutoa mdomoni. Ukimgusa anajivuta ndani, anafunga mlango, na hatoki mpaka pawe kimya kabisa. Ameshaacha kula, kwa hiyo yuko mbioni kugeuka nondo. Akibahatika kuwa dume, anaota mabawa na kwenda zake. Jike haoti mabawa. Anabaki kwenye nyumba yake maisha yote, na wala usimwonee huruma, ana shughuli zake.

Kinaegemezwa begani? Basi ni fidla. Mbona unaona haya kusema fidla? Zivike fidla za watu, mwanangu, ni kazi ya heshima.

Shangazi yako

(Mimi Fundi naongeza hapa akiwa ameshatia sahihi na amekwenda kumtoa paka kwenye cherehani. Bahasha zako zina nembo ya kampuni, ile ya kichwa cha kifaru. Mchezo wenu ninao kwenye simu, naucheza nikisubiri wateja, na niko daraja la kumi na tisa. Kwa hiyo najua humo watu wanashika nini kwa mikono miwili na kukiegemeza begani. Sijamwambia. Ananiuliza kila siku, nasema mwavuli, lakini uso wangu haujui kudanganya. Mwambie mwenyewe, upesi. Kuhusu mkono wake wa kulia nimekatazwa kuandika, nimeapa, na mimi kiapo nakiheshimu, kwa hiyo siandiki chochote. Wala siandiki kwamba siku hizi hata kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili.)


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku wote wazima. Leo sina habari za jino wala za buibui, nisamehe.

Kopo lilikaa posta mwezi mzima, sijui walikuwa wanaliogopa au vipi. Lilifika juzi, likaletwa moja kwa moja kwenye kikao, na Bi Tarehe alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Zimebaki siku arobaini na moja." Nikafungua. Ile nyumba ya vijiti ilikuwa imelala, na chini yake lilikuwa limechomoza ganda jembamba la kahawia, tupu. Pembeni, kwenye ukingo wa kopo, alikuwa amesimama nondo mdogo mweusi, pembe zake kama manyoya. Alikuwa anakausha mabawa. Halafu akaruka. Alizunguka chumba, akapita juu ya feni, akaenda kutua kwenye miwani ya Bi Tarehe. Shangazi, ungeona. Watu saba, simu saba, kompyuta saba, na hakuna aliyegusa kitu. Hata Bi Tarehe alikuwa anapumua kwa pua tu. Dakika nzima. Kisha nondo akatoka dirishani, na Bi Tarehe akaondoka bila kutaja idadi ya siku. Haijawahi kutokea.

Sasa ngoja niseme, maana nikiendelea na nondo nitaishia nondo.

Ni bunduki, Shangazi. Chombo ni bunduki. Mchezo ni wa vita, na ninachokivika vazi ni bunduki. Nilikuficha kwa sababu nakumbuka ile niliyochonga kwa kibao nikiwa na miaka saba. Uliichukua mkononi mwangu, ukaitia motoni, ukachemshia maji ya chai, na ukaninywesha chai hiyo. Niliogopa ukijua utaninyima mdudu. Kwa hiyo nilikudanganya kwa kunyamaza, na nimekufanya ulisugue lile kopo kwa ajili ya kitu unachokichukia. Naona aibu.

Ukisema niache, nitaacha. Sitasema sitaumia.

Na wewe niambie. Penseli, halafu mawingu. Mkono wako una nini?

Chokochoko


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bado sijapata jibu. Labda posta, labda si posta. Sijachora mstari wowote tangu nilipokuandikia. Nakaa mbele ya kioo cha kompyuta, nawasha, nazima. Zimebaki siku kumi na nane, na sijasema hivyo kwa kukuharakisha, ni ugonjwa wa ofisi.

Hata kama ni kunitukana, niandikie.

Chokochoko


5 Mei

Chokochoko.

Marahaba. Naandika mwenyewe. Fundi nimemnyang'anya kalamu, ananuna. Mwandiko unauona. Basi umeshajua.

Mkono unatetemeka tangu mwaka jana. Daktari ameupa jina refu, sikulikariri. Hauumi. Unacheza tu, kama una muziki wake. Sikutaka uje unionee huruma, ndiyo maana nikavunja penseli. Hazikuvunjika. Nilizivunja.

Bunduki. Baba yako alikuwa na miaka kumi na minne. Bunduki ya kuazima, ilipasuka mikononi mwake. Mimi ndiye niliyerudi kuvitafuta vile vidole kwenye majani. Sikuwahi kukusimulia. Kibao chako nilikichoma na sijutii.

Nimekasirika siku nyingi. Halafu nikachoka, maana hasira inataka nguvu na mimi nina mlimau wa kumwagilia. Nikamwambia Fundi anionyeshe mchezo. Nimeutazama. Wanapiga, wanapiga, wanapiga. Hakuna anayetazama kitu. Mna miti mizuri humo, nani kaichora? Wanaipita mbio.

Sharti langu ni hili. Mdudu yule hatoki penye fujo. Hiyo ndiyo tabia yake yote, bila hiyo ni vijiti tu. Ukimbandika kwenye bunduki ukaacha tabia yake, umechora uongo. Ukiitia tabia yake, mchukue.

Nimekuchorea. Siku nne. Kwa ubavuni, na kwa chini. Mistari imecheza, sikuweza kuikamata. Usiinyooshe na usicheke.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi,

Shikamoo kumi. Mtoto wa dada ana meno sita na ametembea hatua mbili kumfuata paka wa jirani. Mimi nimenenepa. Utajua kwa nini.

Barua yako ilifika tarehe 15, siku tano kabla. Nililia kwenye ngazi za ofisi, mlinzi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, nimechorewa. Ananiangalia kwa mashaka mpaka leo.

Sikuinyoosha mistari yako hata mmoja. Niliipiga picha jinsi ilivyo nikaifanya uzi wa hariri unaoshika vijiti, kutoka kitako cha bunduki mpaka mdomoni. Kila mchezaji akijaza risasi, kijiti kimoja kinaongezeka, kinafungwa kwa mstari wako. Hayo yalikuwa mapambo. Tabia ya mdudu ikaja hivi: mchezaji asipofyatua kwa dakika moja, asikimbie, asimame tu, kwenye mdomo wa bunduki linachomoza ganda la kahawia, kisha anatoka nondo. Anakausha mabawa. Anaruka, anamzunguka mchezaji mara moja, anatua juu ya bunduki, na akiwa ametua pale bunduki inagoma. Bonyeza utakavyo, hailii. Mpaka aondoke mwenyewe.

Tarehe 20 nilisimama mbele ya Bi Tarehe na wakubwa wawili nisiowajua. Nikaeleza. Bi Tarehe akavua miwani.

"Yaani umetengeneza bunduki inayompa zawadi mtu asiyepiga?"

"Ndiyo."

"Kwenye mchezo wa kupiga?"

"Ndiyo," nikasema, na moyoni nilikuwa nimeshakunja shati la kwanza.

Bi Tarehe alichukua simu ya majaribio akaingia mwenyewe vitani, akasimama. Akauawa sekunde ya hamsini na mbili. Akaingia tena, akajificha nyuma ya mti, akauawa. Wakubwa wakaanza kumshauri asimame wapi. Mara ya nne wote watatu walikuwa wameinamia ile simu, vichwa vinagongana, na nondo akatoka. Nikamsikia mkubwa mmoja akisema "shh," na hakuna aliyekuwa akiongea.

Bi Tarehe akaisogeza simu karibu na macho. "Uzi huu nani kauchora? Mashine haichori hivi. Unapumua."

"Shangazi yangu."

"Anaitwa nani? Atawekwa kwenye orodha ya waliotengeneza."

Nimeajiriwa, Shangazi. Kwenye orodha, chini ya jina langu, nimekuandika kwa jina lako lote, na mbele yake neno mchoraji. Vazi linatoka tarehe 20 mwezi huu. Na mkono wako sitauonea huruma, nitaupa kazi.

Chokochoko


6 Julai

Chokochoko wangu,

Marahaba kumi, na hongera ambazo sina hesabu yake. Nimemrudishia Fundi kalamu na nimemruhusu mabano mawili tu, kwa hiyo atayatumia kwa uangalifu. Paka wa pili amechukuliwa, wa tatu anaitwa Suti.

Habari kubwa: nimecheza. Simu yangu siwezi kuitoa kwenye majani, bado hayajakauka, nikatumia ya Fundi na jina lake la mchezo. Nimeuawa mara kumi na moja. Nondo nimemwona mara mbili. (Nilikuwa daraja la kumi na tisa. Sasa niko la nne. Silalamiki. Fundi.) Mkono ulikuwa unacheza kama kawaida yake, lakini kusimama tu hakutaki mkono uliotulia. Nilisimama kwenye ule mti wenye mizizi ya juu juu. Mchoraji wake mwambie gome amelipatia, majani hapana.

Mara ya pili akaja adui. Fundi akanipigia kelele nikimbie. Sikukimbia, sijui kitufe cha kukimbia. Yule mtu akanisogelea, ameshika bunduki kama yangu, yenye vijiti vyetu. Akasimama. Mimi nimesimama. Pembeni watu wanapigana, moshi, vishindo, na sisi wawili tumesimama kama tunasubiri zamu kwa daktari. Wakatoka nondo wawili. Wakazunguka, kila mmoja akatua kwake. Kisha yule mtu akaenda zake. Simjui ni nani wala yuko wapi, lakini nilimpenda.

Baba yako alikuwa amekaa karibu yangu. Amekuja kutengeneza tena bomba. Unajua tangu ana miaka kumi na minne hajagusa bunduki, hata ya kibao, hata ya picha. Akanyoosha mkono akaniomba simu. Akaishika kwa vile vidole vitatu, kwa tahadhari, kama kitu cha moto. Nilitaka kumwambia kisicho cha lazima asikifanye, nikafunga mdomo. Hakubonyeza popote. Alisimama humo mchezoni akasubiri, na mimi nilikuwa nimemshika bega, na bega lilikuwa gumu kama meza. Nondo alipotua juu ya bunduki, akapitisha kidole kwenye kioo, juu ya uzi wangu, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hii haiwezi kulia sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia haiwezi, mpaka mdudu aondoke.

Akacheka, kaka yangu. Akasema, "Basi mwache akae." Na bega likalegea mkononi mwangu. (Alikaa nayo mpaka chaji ikaisha.)

Bomba bado linamwagika. Nichagulie mdudu mwingine, nina kichongeo kikali.

Shangazi yako, mchoraji